Kabla ya Kununua Tanuri, Pimeni Ndoo

Ndugu wasikilizaji, ahsanteni kwa kuja. Mnaniona na ndoo hii, na mliokaa mbele mniwie radhi kwa harufu. Humu mna taka za jikoni na za ofisini, zimechanganyika kama zinavyochanganyika kwenye lori. Naanza nayo kwa sababu mradi wa kuchoma taka ili zitoe umeme huamuliwa humu ndani, hata kabla msingi wa tanuri haujachimbwa.

Tuchukue kilo moja. Tuseme gramu 600 ni maji yaliyo ndani ya maganda, majani na mabaki ya chakula. Gramu 100 ni mchanga na vioo. Kinachoungua kweli ni gramu 300: karatasi, plastiki, ile sehemu kavu ya maganda. Hizo hutoa megajuli 6 hivi za joto. Ila kwanza moto uyakaushe yale maji, na kazi hiyo hula karibu megajuli 1.5. Tumebakiwa na 4.5. Ili taka ziungue zenyewe bila kusaidiwa na dizeli, wajenzi wa matanuri hutaka wastani wa 7 hivi. Wahenga walimcheka anayetwanga maji kinuni. Sisi tutakuwa tunayachoma, tena kwa mafuta ya kununua!

Haya yamewahi kutokea. Mwaka 1987, huko Timarpur mjini Delhi, lilijengwa tanuri la tani 300 kwa siku. Halikudumu, kwani taka zilizofika zilitoa joto dogo mno zikiungua. Walijenga kwa ajili ya taka wasizokuwa nazo.

Kila nikisema hivi, mtu hunyoosha mkono: mbona Sweden wameweza? Wameweza, na hata taka za nchi nyingine wanazipokea. Lakini taka zao ni kavu kuliko hizi, na joto linalobaki baada ya kuzalisha umeme hupitishwa kwenye mabomba kupasha nyumba wakati wa baridi. Tanuri linalouza umeme peke yake hugeuza takriban robo tu ya joto lake. Penye jua mwaka mzima, nani atanunua zile robo tatu? Labda kiwanda cha jirani, kama kipo.

Sasa pesa. Tani moja ya taka nzuri, kavu kiasi, huzaa uniti 500 hadi 600 za umeme. Mapato hayo kwa kawaida hayatoshi kulipa mkopo wa mtambo na matengenezo yake, kwa hiyo jiji hulazimika kulipa ada kwa kila tani inayopita getini. Ndiyo maana mimi hiki sikiiti kituo cha umeme. Ni huduma ya usafi inayouza umeme pembeni, na ipimwe hivyo. Harrisburg, jiji la Marekani, lilijitwika deni la dola milioni 300 hivi kwa ajili ya tanuri lake, na mwaka 2011 baraza la jiji likakimbilia mahakamani kuomba litangazwe limefilisika.

Tena someni mikataba. Mingi hulazimisha jiji kuleta tani kadhaa kila siku au lilipe fidia. Na kile kinachoungua vizuri, karatasi na plastiki, ndicho anachokiokota yule mwenye gunia ili aishi.

Upande wa mazingira sitaki niwapendelee wapinzani. Jaa lililoachwa wazi hutoa methani, ambayo kwa miaka 100 hupasha dunia karibu mara 28 kuliko uzito uleule wa kaboni dayoksaidi. Jaa pia huua. Machi 2017, jaa la Koshe mjini Addis Ababa liliporomoka na kufukia zaidi ya watu 100. Mwaka uliofuata, mtambo wa kuchoma taka wa Reppie ulifunguliwa kando ya jaa hilo. Kwa jiji kama hilo, kuuliza bei ya uniti tu ni kukosa utu.

Lakini kuchoma plastiki ni kuchoma petroli iliyobadilishwa umbo. Moshi nao lazima ukae angalau sekunde 2 kwenye nyuzi 850 ili dioksini, sumu zinazozaliwa taka zikichomwa, zivunjike, na taka mbichi huzishusha nyuzi hizo. Kisha kila tani huacha kilo 200 au zaidi za majivu, na yale ya kwenye vichujio ni sumu. Jaa bado mtalihitaji.

Mimi ningeanza kwa kutenganisha. Maji yanayoua tanuri ndiyo yanayotakiwa kwenye tangi la biogesi, ambamo taka huozeshwa zitoe gesi ya kuwasha: tani ya mabaki ya chakula huweza kutoa mita za ujazo 100 hivi za gesi. Ugumu ni kwamba kipande cha kioo au mfuko wa plastiki huziba tangi hilo, kwa hiyo kazi inarudi jikoni kwa kila mmoja wetu, na huko ndiko miradi mingi inakokwama.

Muuzaji wa mtambo akija na picha zake nzuri, mwombeni karatasi moja tu: vipimo vya taka zenu wenyewe, vya mwaka mzima, miezi ya mvua ikiwemo. Haya, nani ana swali? Na wewe uliye karibu na dirisha, hebu lifungue.