Gari Yako Inapanda Lori Kwenda Mbali? Ioshe, Ikaushe, Ndo Upige Picha

Haya karibuni jamani, leo niko hapa hapa kwenye woshingi bei yangu, hapa ninapooshea magari, Kampala, saa moja na nusu asubuhi, na hii mnayoiona nyuma yangu ni Premio ya mwalimu mmoja, mteja wangu wa siku nyingi. Amepata kazi Mombasa. Yeye anatangulia na basi, gari inamfuata juu ya lori la kubeba magari, na lori linakuja kuichukua saa sita. Tuna masaa manne na kitu, tunaiandaa pamoja mkiona kila hatua.

Kutoka hapa mpaka Mombasa ni zaidi ya kilomita 1,100, unapita Jinja, Malaba, Eldoret, Nakuru, Nairobi, halafu unateremka mpaka baharini, na pale Malaba wote tunajua foleni ya malori ikiamua kuwa ndefu inakuwa ndefu kweli. Watu wanafikiri gari ikishapanda lori imeenda kupumzika. Hapana ndugu zangu, inatikiswa njia nzima, inakula vumbi na jua, inapandishwa na kushushwa na mtu ambaye hajawahi kuishika usukani hata siku moja. Ukiiandaa vizuri inafika kama ilivyotoka, na ikifika na kasoro unao ushahidi mkononi.

Kwanza toa vitu ndani. Hapa sitakaa sana. Chini ya viti, mifuko ya milango, buti, kila mahali. Mpakani forodha wanaweza kuifungua, na kampuni nyingi hazilipi kitu kilichopotea ndani ya gari, wao wamebeba gari tu. Acha tairi ya spea, jeki na spana ya tairi. Logibuku halisi usiiache ndani, weka kopi. Juu kama una kerea ya mizigo itoe, na antena ya kuzungusha kwa mkono itoe pia, ifunge na rababendi uiweke kwenye dashibodi.

Sasa kuosha, na hapa ndo kazi ninayoipenda. Tunaanza na maji matupu, mengi, kutoka juu kwenda chini, ule udongo mwekundu wetu lazima uondoke kwanza kabla kitambaa hakijagusa rangi, maana ukiusugua ukiwa mkavu ni kama msasa. Shampuu ya gari, siyo sabuni ya unga ya kufulia, ile inaondoa nta inayolinda rangi. Mimi napenda maji ya baridi asubuhi hivi kabla bodi haijapata moto, sabuni haikaukii juu yake.

Kijana wangu sogeza kamera huku kwenye boneti. Mnaona hii? Hii ni kazi ya kaloli, yule ndege mkubwa wa Kampala, ni kinyesi chake. Mwalimu anapaki chini ya mti ambao wale ndege wanalala, na mtu wa Kampala anajua kaloli akiachia mzigo wake siyo mchezo. Hii ikikaa juani inakula rangi. Usiikwangue. Chukua kitambaa, kilowe chapachapa, kilaze juu yake dakika tano, kiache kabisa. Halafu unainua hivi... unaona, imekuja yenyewe. Chini imeacha kidoa kama wingu, hicho ni rangi imeshaungua, hakitoki leo. Lakini kikumbuke hicho kidoa, tutakihitaji baadaye.

Tumesuuza. Sasa nisikilizeni vizuri sana: usipige picha gari ikiwa na maji. Narudia, gari ikiwa imelowa USIPIGE PICHA. Maji yanajaza mkwaruzo, rangi inang'aa yote sawa, unaona gari mpya kumbe siyo. Mwaka juzi niliandaa Forester ya mteja ilikuwa inapelekwa Juba, nikaiosha, nikaona inametameta, nikapiga picha hapo hapo na matone yake. Gari ikafika na mstari mrefu kwenye bampa la nyuma. Wenye lori wakasema ulikuwepo tangu Kampala, tuonyesheni picha, na mimi kufungua picha zangu naona matone na mng'ao wa jua tu, huwezi kusema mstari haukuwepo wala ulikuwepo. Nililipa ile rangi kwa hela yangu kwa sababu picha nilipiga mimi, na iliniuma. Kwa hiyo ninaposema kausha, namaanisha kausha.

Kitambaa ni hiki kinene cha manyoya mafupi. Unakilaza, unakivuta kuelekea kwako, husugui. Halafu kuna maji ya kujificha, yanakaa kwenye saidi mira, kwenye vishikio vya milango, nyuma ya namba, kwenye ukingo wa taa. Unamaliza kukausha, unafunga mlango, puu, yanamwagika tena. Fungua milango yote, ifunge kwa nguvu, futa tena. Hivi vitambaa ninauza hapa kwangu, shilingi 10,000 kimoja, na

Banange, mvua! Ingiza kamera, ingiza kamera!

...Haya. Mvua ya Kampala haipigi hodi. Tumeisukuma mpaka chini ya banda lakini imelowa yote, upya kabisa. Sawa, tutakausha tena, na picha hazipigwi mpaka ikauke, hata lori likifika lisubiri. Tukingoja, tufungue boneti.

Betri. Hapa nilikuwa nataka kupita haraka, lakini sogea uone hiki kichwa cha betri cha hasi, nakishika kwa vidole viwili kinazunguka chenyewe, na ule unga wa kijani na mweupe umekaa pale kama ukungu wa mkate. Lori likianza kutikisika hii inaachia, gari haiwaki, watu wanaanza kuisukuma na kuivuta juu ya vile vyuma vya lori, na hapo ndo bampa zinapovunjika. Spana namba 10, legeza, toa hasi kwanza ndo chanya. Maji ya moto na baking'i soda kidogo, piga brashi, futa kavu, rudisha chanya kwanza ndo hasi, kaza. Sasa haichezi. Na chochote kinachonyonya betri kichomoe, kamera ya dashibodi, chaja, taa za urembo, maana gari inaweza kukaa siku kadhaa bila kuwashwa.

Tairi, jaza upepo kama kibandiko cha mlango wa dereva kinavyosema, hii yetu tumeweka PSI 32. Sababu ni kwamba lori nyingi zinafunga mikanda kwenye magurudumu, tairi ikipungua upepo njiani mkanda unalegea na gari inaanza kucheza. Mafuta, robo tangi inatosha. Lita 40 za petroli ni kama kilo 30, uzito wa bure unaupandisha mlima wote ule, halafu ni petroli, kidogo ni salama kuliko nyingi.

Usiku niliweka boksi chini ya hii gari, asubuhi nikalitoa kabla ya kuosha, ni hili hapa... tone moja tu la maji, hilo la AC, halina shida. Lingekuwa oili ningesimamisha safari. Kwenye lori kuna gari juu na gari chini, na ya juu ikivuja inamdondokea mwenzake, na ikiwa ni mafuta ya breki yanachubua rangi ya mtu ambaye hata humjui. Kwa hiyo weka boksi, na ukiweza kuomba, omba yako ikae juu.

Mvua imekatika na jua limetoka. Tunakausha tena, wawili wawili, dakika kumi... pitisha kiganja chini ya saidi mira, bado kuna tone, futa. Vishikio, futa. Nyuma ya namba, futa. Sasa imekauka, na SASA tunapiga picha. Isogeze kwenye kivuli, jua kali linachoma picha. Pembe nne, pande nne, paa, kila rimu, kioo cha mbele, viti, mileji na taa za dashibodi injini ikiwaka, spea na jeki ndani ya buti. Bampa la mbele chuchumaa upige kwa chini, wengi wanalisahau na ndilo linalokwaruza likipanda kwenye lori. Kila kasoro ya zamani ipige mara mbili, moja kwa mbali ijulikane ni wapi, moja kwa karibu ukiweka sarafu pembeni ijulikane ukubwa. Kile kidoa cha kaloli je? Hicho nacho, mbali, karibu. Kasoro zako zionyeshe zote, usizifiche, ukificha ya zamani hata ile mpya hawatakuamini. Zikitoka zitume WhatsApp kwa mwenye gari muda huo huo, tarehe na saa inabaki pale.

Lori limefika, na dereva ni mzee mstaarabu, amekubali tumrekodi mikono tu. Fomu ya hali ya gari msiijaze mkiwa mmekaa. Zungukeni naye, wewe unaonyesha kwa kidole yeye anaandika, tena afadhali asome kwa sauti. Hapa ameandika "boneti, doa," nikamwambia mzee wangu ongeza upande wa kulia, ukubwa wa sarafu, akaongeza. Sasa tunasaini wote, na kopi naipiga picha.

Ufunguo mpe mmoja, wa akiba baki nao. Na kama gari ina ile swichi ya siri ya kuzuia wizi, mwonyeshe, awashe yeye mwenyewe mbele yako, azime, awashe tena. Alamu izime, isije ikalia usiku kucha Malaba mpaka betri iishe. Mikanda ikipita chini isiguse mpira wa breki wala waya unaoenda kwenye gurudumu. Mwambie kwa heshima, "mzee naomba nichungulie," hawakatai.

Na mwalimu, najua unaangalia hii video ukiwa kwenye basi: gari itafika Mombasa imejaa vumbi kiasi kwamba hutaona kitu. Usisaini. Omba ndoo moja ya maji, mwagia, halafu kile kitambaa nilichokuwekea kwenye buti ndo cha kukaushia. Kausha mpaka nyuma ya namba. Ndo ufungue picha zetu, uzunguke na dereva tena, na kalamu uishike mwisho.