Kiwiko Kinachouma na Kazi Zinazosimama

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Mtu mwenye maumivu upande wa nje wa kiwiko ukimtazama tu humwoni kama mgonjwa. Hana bandeji wala uvimbe. Lakini kusonga ugali kunamshinda, kukamua shuka kunamshinda, na akiinua sufuria mkono unaishiwa nguvu. Usiku akilalia upande ule anashtuka usingizini. Nyumbani wanadhani anakwepa kazi, na hilo humuumiza nafsi. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa mgonjwa huwa hili: umeacha kufanya nini?

Wengi ni watu wa miaka 35 hadi 54, wenye kazi za kushika na kukaza mkono siku nzima. Kinachouma ni kano ya misuli inayoinua kiganja, pale inapojishikiza kwenye mfupa.

Sasa tiba ya mikono. Watu wakisikia hivyo hufikiria kuchuliwa kwa mafuta. Mimi nazungumzia mbinu aliyoianzisha Brian Mulligan, mtaalamu wa fiziotherapia wa New Zealand. Mgonjwa analala, mkono umenyooka. Mtaalamu anauzuia mfupa wa juu ya kiwiko kwa mkono mmoja, na kwa mwingine anausukuma taratibu mfupa wa chini ya kiwiko kuelekea nje. Mtaalamu akiwa bado ameusukuma, mgonjwa anakunja ngumi, kitendo kilekile kilichokuwa kinamuuma. Mbinu ikimfaa, anakaza bila maumivu papo hapo. Isipomfaa, mtaalamu hubadili mwelekeo kidogo au huacha, halazimishi. Na aliyeanguka, au mwenye vidole vilivyokufa ganzi, achunguzwe kwanza.

Je, inasaidia kweli? Mwaka 2006 ulichapishwa utafiti wa Brisbane, Australia, uliohusisha watu 198. Wengine walichomwa sindano ya steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe na maumivu, wengine walipewa tiba hii pamoja na mazoezi, vipindi 8 vya nusu saa, na wengine walisubiri tu. Kufikia wiki ya 6 sindano iliongoza. Baadaye asilimia 72 ya waliochomwa na kupata nafuu walirudiwa na maumivu. Mwaka ulipotimia, waliotibiwa kwa mikono na waliosubiri walikaribiana sana.

Wapo wanaosema basi tiba hii haina maana. Sikubaliani nao hata kidogo. Wiki ile ya 6, waliopata nafuu kwa tiba na mazoezi walikuwa asilimia 65. Kwa waliosubiri, 27 tu. Fundi cherehani au msusi anayeishi kwa mikono yake hana mwaka mzima wa kusubiri. Kodi ya nyumba haisubiri.

Mikono ya mtaalamu peke yake haitoshi. Ikishapunguza maumivu, mazoezi yaanze: mkono juu ya meza, kiganja kikitazama chini nje ya ukingo, uzito mdogo ukishushwa polepole. Na mgonjwa afundishwe kuusukuma mkono wake mwenyewe, ili aendelee na tiba nyumbani bila nauli ya kwenda kliniki kila mara.