Meza Imara ya Wachezaji Wanne wa Kompyuta

Hamjambo watazamaji, na karibuni katika karakana yangu hapa Mombasa. Leo tunaunda meza ya kuchezea michezo ya kompyuta, ambayo wawili watakaa upande huu na wawili upande wa pili. Meza ya mtu mmoja ikitikisika humsumbua mwenyewe tu, lakini hii, mmoja akiigonga kwa goti, anamharibia shabaha mwenziwe anayemkabili.

Uso wa meza ni bamba la plaiwudi ya milimita 18, futi 8 kwa 4, ambalo humpa kila mchezaji upana wa futi 4 na kina cha futi 2. Ikiwa unakaa ghorofani katika Mji wa Kale, pima ngazi zako kabla ya kulipa, kisha mwambie muuza mbao alikate bamba katikati upate miraba miwili ya futi 4. Kiungo kisikutie hofu, kwani kitaangukia baina ya majirani, mahali ambapo kipanya hakifiki.

Fremu ni ya saipras ya inchi 4 kwa 2, iliyorandwa. Mvule ningeupenda zaidi, ila bei yake itakula pesa za kompyuta. Mbao ikiwa mbichi itapinda baada ya kufungwa, kwa hiyo ipange ndani ya nyumba, ukiweka vijiti kati ya ubao na ubao ili hewa ipite, mpaka ikauke. Skrubu na bolti ziwe zisizoshika kutu, maana upepo wa bahari haubagui.

Kukata sitawachosha nako: mbao mbili za sentimita 234, na nne za sentimita 103 za kukingama, mbili kati ya hizo zikibanana katikati chini ya kiungo. Toboa kwanza kwa keekee, tia gundi, kisha kaza skrubu za inchi 4, lakini usizikaze zote hadi mwisho. Narudia, usizikaze hadi mwisho, kwa sababu sasa tunapima kutoka pembe hadi pembe, na vipimo viwili vya mshazari lazima vilingane, kila kimoja kikikaribia sentimita 259. Guniya, kile kifaa cha kupimia pembe mraba, peke yake haitoshi kwa fremu ndefu namna hii.

Ngojeni kidogo. Mnaona hapa kwenye kamera? Huku ni 259, kule ni 261. Sakafu ina mteremko na jiriwa inayobana mbao imeteleza. Nasukuma pembe ya mshazari ulio mrefu, napima tena, na sasa zimelingana. Gundi ikishakauka, hapana nyundo itakayoinyoosha, kwa hiyo pimeni, kazeni, kisha pimeni tena.

Miguu ni sita, ya inchi 3 kwa 3, yenye urefu wa sentimita 71.2, ili pamoja na plaiwudi meza ifike sentimita 73. Ile ya kati husimama baina ya majirani, kwa hiyo haigusi goti la mtu. Kila mguu wa pembeni hufungwa kwa bolti kutoka pande mbili, na matundu yapishane kwa urefu, la sivyo bolti zitakutana ndani ya mbao. Baina ya mguu na fremu tieni kipande cha mshazari, kwani pembetatu ndiyo inayozuia meza kuyumba. Asiyekuwa na randa, miguu iliyokwisha kurandwa naiuza hapa karakanani.

Plaiwudi ifungeni juu kwa skrubu za inchi moja na nusu, vichwa vikizamishwa na kuzibwa. Mnapotoboa tundu la nyaya, shikizeni kipande cha mbao upande wa chini ili plaiwudi isinyofoke. Soketi zifungwe chini ya fremu, mbali na miguu ya watu na mbali na kahawa itakayomwagika, kwa sababu itamwagika. Mwisho pigeni msasa na vanishi mara mbili, na kompyuta zisipandishwe juu hadi vanishi iache kunata.