Swali la i7 Nitalijibu Mwisho

Waliosimama mlangoni sogeeni, viti vya mbele vipo na mimi siumi mtu. Nimeombwa nizungumzie kuboresha kompyuta ya mezani kwa ajili ya kutengeneza muziki nyumbani. Najua nusu yenu mmekuja na swali moja mfukoni: "Braza, nichukue i5 au i7?" Hizo ni prosesa za Intel, ubongo wa kompyuta. Swali hilo nimeulizwa Sinza, nimeulizwa Temeke, nimeulizwa hata msibani, marehemu hajazikwa. Leo litasubiri. Kwanza tuongee kuhusu muda.

Sauti yako ndani ya kompyuta ni sampuli, yaani vipimo vidogo vya sauti, 44,100 kila sekunde. Mashine haizishughulikii moja moja, inazichota kwa mafungu, na fungu hilo ndilo mnaliita bafa. Ukiweka bafa 256, umeipa mashine milisekunde 5.8 kulipitisha fungu zima kwenye kila plagini (viprogramu vya kurekebisha sauti) uliyobandika, pamoja na zile kompresa sita ambazo hata wewe hujui zinafanya nini. Ikimaliza kwa 5.7, husikii kasoro. Ikimaliza kwa 6, unasikia kra-kra. Hakuna kujieleza hapo.

Sasa kijana akisikia kra-kra anafanyaje? Anapandisha bafa mpaka 2048. Kra-kra imekwisha, anashangilia, halafu baada ya siku mbili ananiambia kibodi yake "ina uzito". Anabonyeza sasa, sauti inakuja baadaye. Si lazima ije baadaye? Bafa ya 2048 ni milisekunde 46, na hapo nahesabu njia ya kutokea tu. Msanii anayeimba kwenye maiki huku akijisikia kwenye hedifoni kupitia programu anapita bafa ya kuingia na ya kutoka, kwa hiyo zidisha karibu mara mbili.

Anayetengeneza bongo fleva ya taratibu, BPM 100, yaani biti 100 kwa dakika, robo ya biti yake ina milisekunde 150. Ataumia lakini atapona. Ninyi watu wa singeli, ninyi wa Manzese na Mburahati, mnakimbiza 240! Haya, tupige hesabu wote. Sekunde 60 gawa kwa 240, biti moja ni milisekunde 250. Igawe kwa nne: 62.5. Sasa mashine inachelewa 46 ndani ya 62.5. Kidole kimepiga ngoma hii, sauti yake inatoka karibu na zamu ya ngoma inayofuata. Kuna wapigaji mjini hapa wameambiwa na prodyuza kwamba hawana taimu, wakarudi nyumbani wamenuna, kumbe taimu wanayo. Aliyechelewa ni bafa.

Alinijia kijana wa Mbagala na desktop ya ofisi, zile za mtumba mnazonunua Kariakoo, i5 ya kizazi cha 4. Mteja wa kumuuzia alikwishampata, ili aongezee hela achukue i7. Nikamwambia fungua Task Manager, ile programu ya Windows inayoonyesha mashine inatumika kiasi gani. Prosesa ilikuwa asilimia 30. Akaniambia, "Unaona, mwalimu? Haijajaa, na bado inakatakata. Imechoka hii."

Haijachoka. Prosesa ile ina viini vinne, yaani wafanyakazi wanne ndani yake. Sauti yake ya kiongozi, ile inayobeba wimbo, ilikuwa na plagini kumi zimepangwa foleni, na foleni ya namna hiyo huwezi kuigawa kwa viini vinne, kwa sababu plagini ya pili haina cha kufanya mpaka ya kwanza imalize. Kwa hiyo kiini kimoja kinaelemewa, vitatu vinapiga soga, na Task Manager anakuonyesha wastani. Kiini kimoja kikijaa kabisa katika vinne, anakuandikia 25! I7 ya kizazi kile kile, kwa mashine kama yake, ina viini vinne vilevile, ila kila kimoja kinashika nyuzi mbili za kazi. Angeongeza wapiga soga.

Tukafanya nini? Sauti ya kiongozi tuliirekodi pamoja na plagini zake ikawa audio ya kawaida, plagini zote kumi zikapumzika. Mpangilio wa umeme wa Windows ulikuwa wa kubana matumizi, tukauweka kwenye nguvu kamili. Tukazima Wi-Fi, maana draiva za Wi-Fi, yaani programu zinazoongoza kifaa hicho, zina tabia ya kudandia foleni ya sauti, na programu ya LatencyMon itakuonyesha mkorofi ni nani. Halafu nikamuuliza, saundi kadi ya nje unayo? Anayo! Iko kabatini. Alikuwa anatumia tundu la hedifoni na draiva ya kawaida ya Windows. Jamani, ASIO, aina ya draiva ya sauti, ipo tangu 1997, Steinberg wa Ujerumani waliitengeneza makusudi ili programu ya muziki iongee na saundi kadi bila kupanga mstari na sauti nyingine za kompyuta. Tukaweka draiva ya ASIO ya saundi kadi yake, bafa ikashuka 256, kimya. Hakununua hata waya. Akaniangalia kama mtu niliyemdhulumu i7 yake.

Nasikia mtu ananong'ona ASIO4ALL, ile draiva ya ASIO ya kila kifaa. Inasaidia, kwa asiye na saundi kadi ya nje. Ila chini yake bado ni draiva ileile ya Windows, usitarajie muujiza.

"Kwa hiyo kununua ni dhambi?" Nunueni, ila kwa mpangilio. Anza na SSD, diski isiyozunguka. Diski ya kuzunguka, ya mizunguko 7,200 kwa dakika, inahitaji milisekunde 8.3 kuzunguka mara moja. Bafa yako ya 256 imekwisha pita na diski haijamaliza duara! Na ngoma zako ni maelfu ya mafaili madogo yaliyotawanyika. Kwa mashine za kizazi cha 3 na cha 4, chukua SSD ya SATA, inayochomekwa kwa waya kama diski ya zamani. Ukiuziwa NVMe, SSD ya aina mpya zaidi, kwa kusifiwa kasi, bodi kuu nyingi za umri huo hazijui kuwasha Windows kutoka humo.

Halafu ram, jumla 16 GB, vipande viwili vinavyofanana. DDR3 haiingii kwenye DDR4, kwa hiyo nenda dukani na ya zamani mfukoni.

Dakika tano? Hamkunipa saa nzima? Haya.

Joto. Mnafunga madirisha ili bajaji zisiingie kwenye rekodi, chumba kinakuwa tanuri, prosesa ikikaribia nyuzi 100 inajipunguzia kasi yenyewe. Kra-kra inayoanza baada ya saa moja ya kazi mara nyingi ni vumbi na pesti iliyokauka, ile inayopakwa juu ya prosesa kutoa joto. Pesti ni hela ndogo. Umeme: UPS, betri ya kushika mashine umeme ukikatika, sitaki mjadala. Kadi ya grafiki waachieni watu wa magemu. Plagini za kraki: mnapakua vitu vilivyofunguliwa na mtu msiyemjua, halafu mnashangaa prosesa inafanya kazi na mradi umefungwa. Windows 10 ilikoma kupata huduma za kawaida Oktoba 14, 2025, na Windows 11 rasmi inataka Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu. Ukibaki na ya zamani, iwe ya studio tu, nje ya mtandao.

Na i7, ndiyo, nimeahidi. Uliza kizazi. I7-2600 ya 2011 inaachwa mbali na i3-12100 ya 2022, na zote zina viini vinne. Bodi ya kizazi cha 6 haikubali prosesa ya kizazi cha 8, ingawa soketi zote, yaani matundu ya prosesa, zinaitwa 1151, na muuzaji hatakwambia. Desktop nyingi za ofisi zina pawasaplai ya umbo lake pekee, haihamii kwenye kasha lingine. La feni na kelele tutaongea nje.

Mashine hii hapa mezani ni ya mwenzenu aliyekaa pale, amekubali tuifungue. Nani ana bisibisi ya nyota? Njoo. Hapana, mdogo wangu, chomoa waya wa umeme kwanza.