Farasi wa Garub na Fisi Asiyetundikwa Ukutani

REHEMA: Karibuni tena kipindini. Mwenzangu Baraka anaandaa maonyesho, kaniletea picha moja ya farasi mwitu wa Garub, Namibia, ya mwaka 2018. Nilijua ataleta albamu nzima.

BARAKA: Siku tano nilipiga zaidi ya elfu mbili, dada. Hii ndiyo iliyobaki.

REHEMA: Ngoja niwaeleze wasikilizaji. Farasi jike wa kahawia amesimama ubavu, manyoya ya shingo yamepeperuka, nyuma yake vumbi lenye jua ndani. Mzuri kweli. Ila mbavu zinahesabika.

BARAKA: Sasa hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. Mwenye ukumbi mmoja, simtaji, aliniambia nikate picha ibaki shingo na kichwa. Eti wateja hawanunui njaa.

REHEMA: Ukakata?

BARAKA: Sikukata, na picha haikutundikwa kwake.

REHEMA: Farasi jangwani wamefikaje lakini? Garub ni wapi?

BARAKA: Kusini mwa Namibia, kilomita kama ishirini magharibi mwa mji wa Aus, barabara ya Lüderitz. Asili yao inabishaniwa. Wengi wanawahusisha na Vita Kuu ya Kwanza: mwaka 1915 jeshi la Afrika Kusini lilipiga kambi Garub, ndege ya Mjerumani ikadondosha mabomu, farasi wakatawanyika. Wengine wanataja shamba la Kubub, palipokuwa pakizalishwa farasi. Yawezekana ni yote mawili.

REHEMA: Na maji?

BARAKA: Kisima cha treni za mvuke! Kilichimbwa kwa ajili ya injini, farasi wakajinywea. Halafu eneo lilikuwa la almasi, watu wamepigwa marufuku, kwa hiyo hata mwindaji hakuwafikia. Mwaka 1986 sehemu yao ikaingizwa kwenye hifadhi ya Namib-Naukluft.

REHEMA: Almasi imemlinda farasi. Aisee.

BARAKA: Pale kwenye hori la maji kuna kibanda cha watazamaji. Unakaa kimya. Wanatoka mbali kama nukta, wakikaribia wanasimama kwanza, wananusa. Choroa, wale swala wakubwa wa jangwani, nao wanasubiri zamu yao. Saa sita mchana lenzi ndefu haikusaidii kitu, joto linapanda kutoka ardhini, picha inatetemeka kama uko chini ya maji. Nilipiga asubuhi na jioni tu. Mchana nilikuwa nawatazama wakila mavi yao makavu.

REHEMA: Wewe!

BARAKA: Kweli kabisa. Nyasi zikiisha, kwenye mavi bado mna lishe kidogo.

REHEMA: Hiyo nayo huichapishi.

BARAKA: Hiyo hapana, nakiri. Lakini picha za mbavu zilifanya kazi. Ukame ulipokaza, watu walioziona walichanga, majani makavu yakanunuliwa. Ndiyo sababu mimi napiga.

REHEMA: Sawa, kaka, ila nikubane kidogo. Nimesoma kwamba kuanzia 2012, miaka kadhaa mfululizo, watoto wa farasi walikuwa hawaponi kwa sababu ya fisi madoa. Kundi la karibu mia tatu likashuka chini ya mia. Watu wakadai fisi waondolewe. Sasa nani mwenyeji pale? Fisi alikuwepo kabla ya farasi yeyote kushuka melini.

BARAKA: Najua.

REHEMA: Basi huoni kuwa picha zako zimeshaamua kesi? Farasi ana manyoya ya kupepea, ana historia ya vita, anapendeza sebuleni. Fisi ana nini? Kwetu hata jina lake ni tusi.

BARAKA: Nimelifikiria hilo sana kuliko unavyodhani. Ukipiga picha nzuri ya mnyama mmoja, yule anayeshindana naye umemgeuza adui bila kusema neno. Sikulijua nilipokuwa kibandani.

REHEMA: Una picha ya fisi?

BARAKA: Ninayo moja. Ya usiku, kwenye simu. Haikutoka vizuri, macho mawili tu na mgongo.

REHEMA: Nionyeshe.

BARAKA: Nimekwambia haikutoka.

REHEMA: Nionyeshe hivyo hivyo.