Doa la Kahawia kwenye Dungusi: Bonyeza Kabla ya Kutia Dawa

Mabibi na mabwana, hamjambo. Asanteni kwa kuja, hasa nyinyi mliobeba vyungu vya dungusi, yaani kakati, kwenye matatu na tuktuk. Najua miiba haina adabu na abiria wa pembeni hawana subira.

Karibu kila aliyeweka chungu mezani hapa ameniuliza: nitie dawa gani? Hilo tutalifikia. Kwanza chukua kijiti, au hata kalamu, ubonyeze doa lenyewe. Likiwa gumu na kavu, mmea wako hauko hatarini leo wala kesho. Likibonyea, likatoa majimaji, basi usilale nalo, na dawa ya kupuliza juu ya ngozi haitakusaidia kwa sababu kuoza kuko ndani.

Tazameni hii ya bibi aliyekaa mstari wa mbele. Ni dungusi ya mviringo. Upande mmoja ni kijani safi, upande wa pili una kiraka cha rangi ya kahawia iliyofifia, kimekauka kama chapati iliyosahauliwa kwenye chuma. Nabonyeza: kigumu. Hili ni jua. Bibi ananiambia chungu hakijasogezwa tangu mwaka jana, kwa hivyo jua limetoka wapi? Bibi, chungu hakikusogea, jua ndilo lililosogea. Sisi hapa Mombasa tuko nyuzi 4 hivi kusini mwa ikweta. Kuanzia mwanzoni mwa Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi, jua la adhuhuri linakuwa upande wetu wa kusini. Miezi iliyobaki liko kaskazini. Dirisha la kusini lililokaa kivulini Juni na Julai, Desemba linapigwa, na ngozi iliyozoea kivuli haiwezi kustahimili. Ndiyo maana ule ushauri wa Ulaya wa kuweka dungusi kwenye dirisha la kusini mwaka mzima siukubali hapa. Jua lao la adhuhuri haliondoki kusini, letu linahama.

Tiba yake? Haipo. Kiraka hicho hakitarudi kuwa kijani. Tundika pazia jepesi, na ukitaka kutoa mmea nje, uzoeshe jua la asubuhi kidogo kidogo kwa wiki mbili tatu.

Kahawia inayoanzia chini karibu na udongo, ngumu, ikapanda taratibu mwaka hadi mwaka, ni uzee. Iacheni.

Wadudu sasa. Kuna madoa ambayo si madoa. Vile vivimbe vidogo vya kahawia vilivyong'ang'ania ngozini, vikwangue kwa ukucha. Kikibanduka chote na chini yake ngozi iko nzima, huyo ni mdudu wa gamba, anafyonza utomvu. Vidung'ata mnawajua, wana utando mweupe wa nta na hujificha kwenye mashina ya miiba. Utitiri ni mgumu kuuona: ngozi changa ya kileleni inakuwa na rangi ya kutu. Gonga mmea juu ya karatasi nyeupe, utaona vumbi linalotembea. Kwa gamba na vidung'ata, chovya pamba kwenye spiriti ya duka la dawa na umguse kila mmoja. Rudia kila wiki, mara tatu au nne, kwa sababu mayai hubaki. Jaribu mahali padogo kwanza, maana dungusi nyingine zina unga wa nta wa buluu ambao spiriti huuondoa, na usiuweke mmea juani kabla haujakauka.

Sasa tuje kwenye kuoza, ambako ndiko dungusi nyingi za mji huu zinakofia. Mmea huu hufungua vinyweleo vyake, yaani vitundu vya kupumulia, usiku, na nyingi ya jamii zake zimezoea usiku wa baridi na hewa kavu. Sisi tuna joto usiku na mchana, unyevu wa bahari, na mvua za masika ambazo Mei humwaga bila huruma. Juu ya hayo tunaipanda kwenye udongo mweusi mzito, ndani ya kikombe cha maua kisicho na tundu, halafu tunaimwagilia kila Ijumaa tukisafisha nyumba. Mizizi inakosa hewa, kuvu na bakteria wanaingia. Maji ya visima vingi vya kisiwani nayo yana chumvi, inayochoma ncha za mizizi na kuacha ukoko mweupe pembeni mwa chungu. Kinga maji ya mvua ukiweza.

Hii ndefu ni laini upande wa chini, naikata mbele yenu. Kisu nimekipangusa kwa spiriti. Nakata umbali wa vidole viwili juu ya doa. Tazameni katikati, mnaona pete? Ndiyo mirija ya maji, na ina vitone vyekundu. Bado kuna ugonjwa. Napangusa kisu tena, nakata juu zaidi. Bado vitone viwili. Tena. Sasa pete ni nyeupe yote, nasimama hapa. Unaweza kunyunyiza unga wa salfa kwenye jeraha. Wengine hutia mdalasini, sina ugomvi nao, ila kinachoponya ni kukauka. Kiweke kipande kivulini penye upepo, wiki moja au mbili kikiwa chembamba, hata mwezi kikiwa kinene. Ukipande ukiona kidonda kimefunga ngozi ngumu, kwenye udongo uliochanganywa nusu kwa nusu na kokoto ndogo au matofali yaliyopondwa. Mchanga wa ufuoni hapana, una chumvi. Kabla ya kumwagilia, chomeka kijiti cha mshikaki mpaka chini. Kikitoka na unyevu, ngoja.

Ukikata ukaona maziwa, mara nyingi hiyo si dungusi, ni jamii ya mnyaa. Nawa mikono na usiguse macho, maziwa ya mnyaa yanaunguza vibaya.

Kijana kule nyuma anauliza kuhusu ile yenye kichwa chekundu. Ile ni mimea miwili iliyounganishwa. Kichwa hakina ukijani wa kujitengenezea chakula, kinalishwa na shina la chini. Shina likioza, kikate kichwa kingali kigumu, ukiunganishe siku hiyo hiyo na shina jingine la kijani, pete kwa pete, ukibane kwa mpira wiki moja au mbili. Kikiwa kimeshalainika, tupa pamoja na udongo wake, na chungu kioshwe kwa jiki sehemu moja na maji sehemu tisa kabla ya kupandwa kingine.