Nani Alikufundisha Kununua?

Ndugu zangu, habari za mchana. Nimekuja na chupa hii ya juisi. Msiniombe, leo haifunguliwi. Mbele ina picha ya kupendeza. Nyuma, kwa herufi ambazo bila miwani sizioni, imeandikwa: sukari gramu 10 kwa kila mililita 100. Kumi tu, utasema. Lakini chupa nzima ni mililita 500. Zidisha: gramu 50. Na Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilishauri kwamba sukari ya kuongezwa, pamoja na iliyomo kwenye asali na juisi, isifike asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mtu anayehitaji nishati ya kilokalori 2,000 kwa siku, mpaka wenyewe ni gramu 50 hizohizo. Chupa moja imekula siku nzima, na wewe hujala kitu.

Hesabu hii mtoto wa shule ya msingi anaiweza. Mbona dukani hatuifanyi? Kwa sababu wengi wetu kununua hatukufundishwa, tulitumwa. Mtoto anatumwa kopo fulani, akileta jingine anarudishwa. Analijua kwa rangi kabla hajajua kusoma, na akishakuwa na nyumba yake analinunua lilelile. Mwalimu wa sayansi kimu, somo la mapishi na matunzo ya nyumba, ndiye wa kwanza kumwambia: hebu ligeuze.

Ila mwalimu naye hufundisha kinachojulikana siku zake. Mwaka 1894 mkemia wa Marekani, Wilbur Atwater, alichapisha maelezo ya kulinganisha vyakula: kwa pesa unayotoa, unapata nguvu na protini kiasi gani? Swali zuri, la mtu anayewafikiria maskini. Lakini kwa mizani hiyo matunda na mboga za majani zikaonekana hasara: maji mengi, nguvu kidogo. Hakuwa mjinga. Vitamini hazikuwa zimejulikana. Jina lenyewe alilibuni mkemia Casimir Funk mwaka 1912. Vitabu vya shule vilisahihishwa baadaye. Aliyekwisha kuhitimu, nani alimfuata jikoni kumsahihisha? Kanuni ya "kwanza kishibishe" hairithiwi kwa kitabu. Hurithiwa kwa kutumwa dukani.

Halafu kuna jambo linaloniudhi, nitalisema upesi. Katika nchi nyingi somo hili la sayansi kimu lilikuwa la wasichana, wavulana wakapelekwa kwenye ufundi, kana kwamba mwanamume hali wala haendi dukani. Japani ililifanya la lazima kwa wote katika shule za sekondari za chini mwaka 1993, na za juu mwaka 1994. Mvulana wa mwaka ule leo ni baba mwenye watoto wa kuwatuma.

Na mafunzo hayashuki tu kutoka kwa wakubwa. Mara ngapi mmemwona bibi akimnyooshea mjukuu pakiti, "Nisomee hapa, mwanangu"? Mjukuu anasoma tarehe na chumvi. Bibi anaibonyeza pakiti, anaona imevimba, anairudisha rafuni. Tarehe ilikuwa bado.

Basi, maswali. Aanze mwenye macho mazuri: njoo uninong'oneze mstari huu wa tatu, mwenyewe umenishinda.